Mikaratusi ya Asili Inayonyauka Australia: Ulinganisho wa Sababu na Namna ya Kuchagua Hatua

Msitu wa asili wa mikaratusi unapoanza kudhoofika nchini Australia, dalili za mwanzo hufanana karibu kila mahali. Majani ya kileleni hupungua, matawi ya juu hukauka na kubaki wazi, na mti huchipua vishada vya majani mapya kwenye shina na kwenye matawi makubwa, mahali ambapo kwa kawaida hapaoti majani. Mti ukipata nafuu, vishada hivyo hukua na kuwa taji jipya. Usipoipata, navyo huliwa au hukauka, na baada ya miaka kadhaa ya kupona nusu na kuugua tena, akiba ya chakula iliyohifadhiwa kwenye mizizi na shina huisha na mti hufa. Kwa kuwa dalili hizi ni zilezile, iwe tatizo limeanzia mizizini, majanini au angani, anayetazama taji peke yake hawezi kujua kinachoendelea, na akikimbilia tiba kabla ya kupima atakuwa anapiga ramli.

Makala haya yanalinganisha dhana kuu zinazotolewa kueleza unyaukaji huo, kwa ajili ya mtu anayelazimika kuchagua: mtafiti anayetafuta pa kuanzia, afisa misitu mwenye bajeti ndogo, au mwenye ardhi aliyebakiwa na kipande cha msitu na fedha za kufanya jambo moja tu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Hakuna dhana moja inayotosha bara zima, na swali la “ni mdudu gani anayekula miti hii?” halistahili kuwa la kwanza, kwa sababu mdudu anayeonekana kwenye jani mara nyingi ndiye aliyefika mwisho. Maswali yanayofaa kutangulia ni mawili: vifo vimejipangaje ardhini, na ni nini kilichobadilika mahali hapo kabla miti haijaanza kudhoofika.

Msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji tahadhari moja kabla ya kuendelea, kwa kuwa mikaratusi anayoijua ni ya kupandwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyigu mdogo anayesababisha uvimbe kwenye majani na vikonyo, Leptocybe invasa, aliposhambulia mikaratusi ya Kenya na Uganda, mantiki ya tiba ilikuwa nyepesi kuielewa: mti ni mgeni, mdudu naye ni mgeni aliyekuja bila adui zake, basi adui huyo atafutwe huko kwao na aletwe. Ndivyo ilivyofanyika pia miongo mingi kabla yake dhidi ya fukusi wa mikaratusi wa jenasi ya Gonipterus, ambaye hushambuliwa na nyigu mdogo sana, Anaphes nitens, anayetaga ndani ya mayai yake. Katika msitu wa asili wa Australia mantiki hiyo haifanyi kazi. Mti, mdudu na adui wa mdudu wote ni wenyeji na wameishi pamoja muda mrefu mno, kwa hiyo anayekuta miti inaliwa hadi kufa anapaswa kuuliza kwa nini mizani iliyokuwapo imeharibika.

Kuoza kwa mizizi na ukame

Nianze na sababu mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara kusini-magharibi mwa Australia, katika misitu ya jarrah (Eucalyptus marginata). Mwaka 1921 vifo visivyoeleweka vilionekana karibu na Karragullen, nje ya jiji la Perth, na kwa zaidi ya miaka 40 maradhi hayo yalijulikana kwa jina la mti tu bila chanzo chake kufahamika. Katikati ya miaka ya 1960, Frank Podger na wenzake walionyesha kwamba Phytophthora cinnamomi ilihusika. Kiumbe hiki kilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1922 kutoka kwenye midalasini ya Sumatra. Huota nyuzi kama kuvu, lakini kiukoo kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia, na ndiyo maana dawa nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya kuvu hazikiwezi. Spora zake zina mikia na huogelea katika maji yaliyomo kati ya chembe za udongo hadi zifike kwenye mizizi myembamba. Wakulima wa parachichi wa Afrika Mashariki wanakijua kiumbe hikihiki, kwa kuwa ndicho kinachoozesha mizizi ya miparachichi kwenye mashamba yanayotuamisha maji.

Alama kubwa ya maradhi haya ni tabaka la chini la msitu. Katika eneo lililoambukizwa, mimea inayokufa mapema zaidi ni ile iliyo dhaifu mbele ya kiumbe hiki, hasa Banksia grandis, Persoonia na mimea yenye shina jeusi na kishungi cha nyasi ya jenasi ya Xanthorrhoea, na jarrah hufuata baadaye, ilhali marri (Corymbia calophylla), jamaa ya karibu ya mkaratusi, husimama bila madhara makubwa palepale pembeni. Mpangilio wa umri wa vifo nao unasema jambo: mizoga ya zamani iliyokwisha kupoteza gome iko katikati au karibu na barabara, na mimea iliyokufa karibuni, yenye majani yaliyogeuka rangi lakini bado yameshikilia, iko ukingoni. Ukingo huo husonga haraka kuelekea bondeni pamoja na maji, na polepole sana kupanda mlima, ambako maambukizi hupita kutoka mzizi hadi mzizi.

Uthibitisho wake hauhitaji mashine kubwa. Udongo na vipande vya mizizi huchukuliwa karibu na mmea uliokufa hivi karibuni, vikawekwa ndani ya chombo na kufunikwa kwa maji safi, kisha juu ya maji hayo huwekwa vielee vipande vya majani au majani-mbegu machanga yatumikayo kama chambo. Kama kiumbe kimo, spora zake huogelea hadi kwenye chambo, na baada ya siku chache madoa ya kahawia hujitokeza. Kipande chenye doa huhamishiwa kwenye chakula maalumu cha maabara ili kutambuliwa kwa hakika. Ni muhimu kukumbuka kuwa jibu la “hakikuonekana” si sawa na “hakimo”, hasa sampuli ikichukuliwa udongo ukiwa mkavu, na kwa hiyo sampuli moja isiyoonyesha kitu haitoshi kumruhusu mtu kuingiza tingatinga.

Ukame hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 2010 ulikuwa mkavu kuliko miaka yote iliyowahi kurekodiwa kusini-magharibi mwa Australia, na mapema mwaka 2011, baada ya mawimbi ya joto kali, taji za miti katika misitu ya kaskazini ya jarrah zilibadilika rangi ndani ya wiki chache. Wataalamu walikadiria kuwa zaidi ya hektari 16,000 ziliathirika. Tofauti na kuoza kwa mizizi, hapa jarrah na marri zilinyauka pamoja, na mabaka ya vifo yalifuata udongo usio na kina, hasa kandokando ya miamba iliyojitokeza, badala ya kufuata barabara na mikondo ya maji. Miti mingi ilichipua tena baadaye, mingine kwenye shina na mingine kutoka chini. Kiangazi cha 2023–24 kilileta tukio la aina hiyohiyo katika Perth na maeneo ya kusini yake.

Baada ya ukame wa 2010–11 walijitokeza kwa wingi mbawakavu watoboao shina wa spishi ya Phoracantha semipunctata, ambao mabuu yao huchimba njia chini ya gome. Mtu aliyefika wakati huo angeweza kuapa kwamba mbawakavu ndio walioua msitu, kwa sababu matundu yao yanaonekana wazi. Hata hivyo mti wenye maji ya kutosha mara nyingi humzamisha buu kwa utomvu wake kabla hajafika mbali, kwa hiyo wingi wa watoboaji ni taarifa kuhusu hali ya maji ndani ya mti.

Tukiziweka sababu hizi mbili bega kwa bega, anayechagua anatofautisha kwa mambo matatu: kasi (wiki kadhaa dhidi ya miaka), mahali (miamba na miinuko dhidi ya mabonde na njia za magari), na spishi zilizosalimika. Nakiona kigezo cha tatu kuwa chenye nguvu kuliko vyote, kwa kuwa kasi husimuliwa vibaya na watu wanaokumbuka siku waliyoliona tatizo badala ya siku lilipoanza.

Hata hivyo mpaka huo si msafi. Elaine Davison, mtafiti wa maradhi ya mimea, amekuwa akisisitiza kwamba vifo vya makundi vya jarrah yenyewe vinahusiana zaidi na udongo kujaa maji katika vipindi vya mvua nyingi, na kwamba Phytophthora haipaswi kubebeshwa lawama yote. Naona hoja yake inastahili uzito, kwa sababu jarrah ni imara mbele ya kiumbe hiki kuliko Banksia, na mahali panapotuama maji ndipo pia spora zinapoogelea, hivyo sababu hizo mbili husafiri pamoja. Kwa mchaguzi, tofauti hiyo haibadilishi hatua ya kwanza. Awe anaamini kiumbe au anaamini maji, hapaswi kusogeza udongo wa pale kwenda kwingine, na hapaswi kuruhusu barabara mpya imwage maji yake ndani ya msitu.

Ndege-kengele na moto uliokosekana

Upande wa mashariki, kuanzia kusini-mashariki mwa Queensland kupitia pwani ya New South Wales hadi Victoria, mjadala ni mwingine, na huko ndiko uchaguzi ulikoleta ugomvi mkubwa. Mhusika anayeonekana ni ndege mdogo wa rangi ya zeituni mwenye mdomo wa njano, Manorina melanophrys, ambaye mlio wake ni kama kengele ndogo inayogongwa bila kukoma, nitamwita ndege-kengele. Huishi kwa makoloni na hufukuza kwa ukali karibu kila ndege mwingine anayekula wadudu. Chakula chake kikubwa ni silidi, wadudu wadogo wafyonza utomvu, hasa wa jenasi za Glycaspis na Cardiaspina, pamoja na vifuniko vyao.

Kifuniko hicho, kiitwacho lepu, kinafaa kutazamwa kwa karibu. Mtoto wa silidi hukaa mahali pamoja kwenye jani, akifyonza utomvu wenye sukari nyingi na protini kidogo, na ziada ya sukari hutoka mwilini mwake na kuganda juu yake kama kikofia cheupe cha milimita chache. Jani lililoshambuliwa sana huwa na makumi ya vikofia hivyo, na chini ya kila kimoja doa la zambarau au la kahawia linasambaa. Ndege-kengele huweza kunyofoa kikofia na kumwacha mdudu akiwa hai, naye huanza kutengeneza kingine. Ndiyo maana baadhi ya waandishi wamemlinganisha ndege huyu na mfugaji.

Dhana ya ndege inasema hivi: ndege-kengele akishateka eneo, ndege wengine ambao wangewapunguza silidi huondoka, silidi huongezeka, majani huanguka, na miti hufa. Mwaka 1983, Richard Loyn na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Victoria, ambamo ndege-kengele waliondolewa. Ndege wengine walimiminika, silidi wakapungua haraka, na miti ikaonekana kupata nafuu. Mwaka 2008 jimbo la New South Wales liliorodhesha rasmi unyaukaji unaoambatana na silidi na ndege-kengele kuwa tishio kubwa kwa viumbe wake. Ikiwa ushahidi ungeishia hapo, uchaguzi ungekuwa rahisi.

Haukuishia hapo. Mwaka 1999, Michael Clarke na Natasha Schedvin walichapisha jaribio jingine la kuwaondoa ndege hao, pia Victoria. Ndege wengine walirudi na silidi walipungua, lakini afya ya miti haikuimarika katika muda waliofuatilia. Matokeo haya mawili yakisomwa pamoja, yanatueleza kwamba ndege huyo anaweza kulinda wingi wa silidi, lakini hayatuambii kuwa yeye ndiye aliyeufanya mti uwe dhaifu kwanza.

Hapa ndipo inapoingia dhana ya moto. Mwaka 2002, wanamisitu Vic Jurskis na John Turner walitoa hoja kwamba sehemu kubwa ya unyaukaji wa mashariki ina mzizi mmoja, nao ni kukoma kwa moto mwepesi wa mara kwa mara. Wenyeji wa asili wa Australia walichoma misitu mingi kwa ustadi kwa maelfu ya miaka, na baada ya ukoloni ulioanza 1788 utaratibu huo ulivurugwa karibu kila mahali. Moto ukikosekana, vichaka huongezeka chini ya miti, takataka za majani hurundikana, udongo hubaki na unyevu na kivuli zaidi, nitrojeni inayopatikana kwa mimea huongezeka, na uhusiano kati ya mizizi na kuvu rafiki wa mizizi, yaani mikoriza, hubadilika. Mkaratusi uliozoea udongo maskini na wenye hewa hupoteza mizizi myembamba, na majani yake huwa na nitrojeni nyingi kuliko kawaida, jambo ambalo kwa silidi ni karamu. Kwa dhana hii, mnyororo unaanzia udongoni: mti hudhoofika, wadudu huufuata, na ndege huwafuata wadudu.

Bwana misitu aliyefanya kazi kwenye miombo ya Tanzania hatashangazwa na sehemu ya kwanza ya hoja hiyo, kwa kuwa uchomaji wa mapema, kabla nyasi hazijakauka sana, ni mbinu inayojulikana ya kuzuia moto kichaa wa mwisho wa kiangazi. Tofauti ni kwamba kwenye miombo uchomaji huo hutetewa zaidi kwa sababu ya usalama na uotaji, na Jurskis anautetea kwa sababu ya afya ya mti mkubwa uliokwisha kusimama.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito zaidi kwa upande wa moto unatoka Tasmania, mahali ambapo ndege-kengele hayupo kabisa. Katika nyanda za juu za kaskazini-mashariki mwa kisiwa hicho, Eucalyptus delegatensis ilikuwa inakufa polepole mahali ambapo mimea ya msitu wa mvua ilikuwa imeota chini yake baada ya muda mrefu bila moto. R. C. Ellis na wenzake walikata tabaka hilo la chini na kulichoma, na mwaka 1980 wakaripoti kwamba taji za mikaratusi zilizokuwa zikinyauka zilianza kurejea. Jaribio hili linaonyesha kwamba tabaka la chini peke yake, bila ndege na bila mlipuko wa silidi, linatosha kuuangusha mkaratusi, na pia kwamba kuanguka huko kunaweza kurudishwa nyuma. Sijaona jaribio la kuondoa ndege linalotoa matokeo yaliyo wazi kiasi hicho kuhusu mti wenyewe.

Lakini nyanda za juu za Tasmania ni baridi na chepechepe, na mtu hawezi kuchukua jibu la huko na kulibandika kwenye kila bonde la New South Wales. Misitu yenye unyevu ya Eucalyptus saligna, ambayo ni miongoni mwa iliyoathirika sana kaskazini-mashariki mwa jimbo hilo, haikuwa ikiungua mara nyingi kama misitu mikavu yenye nyasi, kwa hiyo kusema kwamba imekosa moto kunahitaji ushahidi wa mahali husika. Isitoshe, mara nyingi huko vichaka ni lantana, mmea uleule unaowasumbua wafugaji wetu, ulioingia kwa nguvu baada ya ukataji wa magogo kufungua paa la msitu. Lantana hutoa mahali pazuri pa kiota kwa ndege-kengele, na ikichomwa mara moja bila kufuatiliwa huchipua tena. Moto mkali nao huweza kuotesha mbegu za akasia kwa wingi na kuacha vichaka vizito kuliko vya awali. Anayepigia debe moto kama dawa ya kila ugonjwa anapaswa kueleza ni moto gani, wa msimu gani, na utarudiwa lini.

Yapo pia maelezo ya tatu kuhusu silidi, yaliyotangulia haya yote. Mwaka 1969 T. C. R. White alihusisha milipuko ya silidi huko Australia Kusini na msongo unaoletwa na hali ya hewa, ambao huongeza nitrojeni katika utomvu wa majani. Angalia jinsi White na Jurskis wanavyofika kwenye jani lilelile, lenye lishe nzuri kwa mdudu, kwa njia zinazopishana: mmoja kupitia uhaba au mabadiliko ya maji, mwingine kupitia udongo ulionona kupita kiasi. Kupima nitrojeni ya majani peke yake hakuwezi kuamua kati yao. Kinachokata mzizi wa fitina ni historia ya mahali, yaani kumbukumbu za mvua, za moto na za ukataji miti.

Kwa hiyo, anayesimama katika msitu wa aina hii naona afanye ulinganisho mmoja rahisi kabla ya kuchagua upande. Atafute sehemu mbili za msitu uleule, spishi zilezile na mteremko uleule, moja ikiwa na vichaka vizito lakini haina koloni la ndege, na nyingine ikiwa na koloni. Ikiwa miti ya sehemu ya kwanza nayo inanyauka, ndege si chanzo, ingawa huenda anazidisha. Ikiwa miti iko salama hadi pale koloni linapoanza, na mpaka wa afya unafuata mpaka wa milio ya kengele, dhana ya ndege inapata nguvu. Hata hapo, kuwaondoa ndege si jambo dogo: ni ndege wa asili wanaolindwa kisheria, kazi hiyo inahitaji kibali, na uzoefu wa kumwondoa jamaa yake wa nchi za wazi, Manorina melanocephala, umeonyesha kuwa wengine hujaza nafasi upesi ikiwa mazingira yaliyowavutia hayajabadilishwa. Kuondoa vichaka hugharimu zaidi mwanzoni, lakini hugusa dhana zote mbili kwa pamoja, na kwa sababu hiyo ningeiweka hatua hiyo mbele.

Miti ya mashambani, chumvi na chokaa

Miti iliyobaki katikati ya malisho inahitaji maneno machache tu, kwa sababu sababu zake zinaonekana kirahisi zaidi. Katika nyanda za juu za New England, New South Wales, unyaukaji mkubwa wa miaka ya 1970 na 1980 ulitokea baada ya ardhi kufyekwa, kutiwa mbolea ya supafosfeti na kupandwa majani bora ya malisho. Mabuu ya mbawakavu wa jenasi ya Anoplognathus hukua udongoni wakila mizizi ya nyasi, na mbawakavu wakubwa hupanda kula majani ya mikaratusi. Malisho yakipanuka na miti ikipungua, kila mti uliobaki hubeba mzigo wa wadudu wengi zaidi, huku ndege waliokuwa wakiwapunguza wamekosa makazi. Katika hali hiyo, kupiga dawa ni kupoteza fedha, na hatua yenye maana ni kuzungushia miti uzio na kupanda vichaka na miti mingine iweze kurudisha ndege. Ndiyo, hapa vichaka ni dawa, ilhali kwenye sehemu iliyotangulia vilikuwa ndio ugonjwa. Asiyeuliza yuko katika msitu wa aina gani ataharibu pande zote mbili.

Monaro, kusini mwa jimbo hilohilo, ni kisa kigumu zaidi. Eneo la takriban kilomita za mraba 2,000 la Eucalyptus viminalis limenyauka, na fukusi wa Gonipterus wamekutwa kwa wingi kwenye miti hiyo. Ukame wa muda mrefu unatajwa pamoja nao, na mimi sioni sababu ya kumpa fukusi cheo kikubwa kuliko cha mbawakavu wa 2011.

Kwenye bonde la mto Murray, Eucalyptus camaldulensis hufa kwa kukosa mafuriko yaliyokatwa na mabwawa, na chumvi ya maji ya chini ya ardhi hukaribia mizizi. Wakati wa ukame mrefu ulioishia 2009 hali hiyo ilikuwa mbaya sana. Hapo tiba inajulikana na ni moja, kuyarudisha maji, na ugomvi uliobaki ni wa nani ayatoe. Katika ukanda wa ngano wa Australia Magharibi chumvi hupanda kwa sababu iliyo kinyume: misitu ilifyekwa, maji ya mvua yasiyonywewa na mizizi yakaingia ardhini, na maji ya chini yakapanda na chumvi yake.

Kisa cha Mundulla, Australia Kusini, kinafaa kwa anayependa kumtafuta kijidudu kila mahali. Majani ya mikaratusi ya kandokando ya barabara yaligeuka manjano kati ya vena zake na miti ikafa, na kwa miaka mingi kirusi au kiumbe kingine cha kuambukiza kilishukiwa. Utafiti wa baadaye ulielekeza kwenye udongo: chokaa, ikiwemo ile iliyotumika kujengea barabara, hupandisha ualkali na kuufanya mti ushindwe kupata chuma na manganizi. Kipimo cha udongo cha gharama ndogo kingeweza kuokoa miaka ya kuwinda kirusi.

Nianzie wapi?

Wataalamu wengi hupanga sababu kwa kuuliza ipi inawezekana zaidi. Mimi napendelea kuzipanga kwa kuuliza ni kosa gani haliwezi kusahihishwa. Kwa kigezo hicho Phytophthora inakwenda mbele ya zote, hata katika msitu ambao haishukiwi sana, kwa sababu karibu kila tiba ya sababu nyingine inahusisha kuingiza watu, magari na mashine. Anayekwenda kung’oa lantana au kukata mkuza wa kuzuia moto katika udongo ulioambukizwa, bila kuosha matairi na viatu, anaweza kuubeba ugonjwa hadi mahali ambapo hautaondoka tena. Hakuna njia iliyopatikana ya kuusafisha kwenye msitu mzima. Fosfaiti, inayodungwa shinani au kunyunyizwa majanini, husaidia mmea kujitetea na inahitaji kurudiwa, lakini haikitoi kiumbe udongoni.

Baada ya kipimo hicho ndipo yaje maswali ya maji na ya udongo, ambayo majibu yake hupatikana kwenye ramani, kumbukumbu za mvua na sampuli chache. Dhana ya moto ifuate, ikiwa historia ya mahali inaonyesha kuwa palikuwa pakiungua na sasa hapaungui, na ijaribiwe kwenye eneo dogo lenye eneo la kulinganisha lisilochomwa. Ndege na wadudu waje mwisho, si kwa sababu hawana madhara, bali kwa sababu hatua dhidi yao ndizo zinazodumu muda mfupi zaidi iwapo kilichowaleta bado kipo.

Mpangilio huu una udhaifu wake mahali ambapo sababu mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja, na Yalgorup, kusini mwa Perth, ni mfano. Eucalyptus gomphocephala ilinyauka vibaya huko, na watafiti walitaja ukosefu wa moto, kusongwa na miti ya tabaka la kati, na upungufu wa mikoriza. Kisha mwaka 2009 ikaelezwa spishi mpya, Phytophthora multivora, iliyopatikana kwenye udongo na mizizi ya miti inayonyauka huko. Aliyechagua dhana ya moto na aliyechagua dhana ya kiumbe wote walikuwa na ushahidi mkononi. Katika hali kama hiyo ningeanza na usafi wa vifaa na kudunga fosfaiti kwenye miti michache yenye alama, nikiacha mingine bila dawa karibu yake, na kuchoma sehemu ndogo iliyotengwa, ili baada ya misimu kadhaa taji zenyewe zionyeshe ni hatua ipi inayostahili kupewa fedha zilizobaki.